Unasihi na Uzito wa Neno: Stadi za Mawasiliano ya Mnasihi Katika Mazingira ya Kitengela na Kajiado

Ikisiri

Makala hii inachunguza nafasi ya Kiswahili katika uhusiano baina ya mnasihi na mnasihiwa, kwa kurejelea mazingira ya Kitengela na Kajiado. Hoja kuu ni kwamba stadi za mawasiliano zinazofundishwa katika vitabu vya unasihi haziwezi kuhamishwa zilivyo kutoka utamaduni mmoja hadi mwingine. Sharti zipitie katika salamu, sarufi, methali na kimya cha watu wanaohudumiwa. Makala inaonyesha pia kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana ujuzi ambao taaluma ya unasihi inauhitaji, ingawa aghalabu haujui kuwa upo.

1.0 Utangulizi

Msafiri atokaye Nairobi akashika barabara ya Namanga hupita Athi River, akaingia Kitengela, kisha akaendelea kupitia Isinya hadi mji wa Kajiado. Ni safari fupi kwa gari, lakini kwa upande wa lugha ni safari ndefu. Kitengela ni mji uliokua kwa kasi kutokana na ukaribu wake na Nairobi, viwanda vya Athi River vikiwamo vile vya eneo la bidhaa za kuuza nje, pamoja na uuzaji wa ardhi iliyokuwa ya malisho. Ranchi za vikundi zilizoundwa chini ya sheria ya mwaka 1968 ziligawanywa kwa watu binafsi, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ikageuka ploti. Kwa mujibu wa sensa, Kajiado nzima ilikuwa na watu 687,312 mwaka 2009. Kufikia mwaka 2019 idadi hiyo ilikuwa imefika 1,117,840. Wageni walioingia walikuja na Kikamba, Kikikuyu, Kiluhya, Kijaluo, Kikisii, Kisomali na lugha nyinginezo, wakamkuta Mmaasai na Kimaasai chake.

Katika hali hiyo, chumba cha mnasihi katika zahanati, shule au kanisa huwa ni mahali ambapo watu wawili hukutana katika Kiswahili, na pengine Kiswahili si lugha ya mama ya yeyote kati yao. Kwa upande mmoja, hili ni jambo la heri: bila Kiswahili wasingezungumza kamwe. Kwa upande mwingine, maumivu ya mtu yana lugha yake, na lugha hiyo si lazima iwe ile anayonunulia mboga sokoni. Swali la makala hii basi ni hili: mnasihi afanyeje ili Kiswahili kiwe daraja wala si pazia?

Swali hili si la kinadharia tu. Msichana anayehofia kuozwa, mke anayepigwa, mwanamume aliyepoteza mifugo yake yote: kila mmoja wao huenda akaja mara moja tu. Akikutana na neno lisilofaa, hatarudi, na hatuna njia ya kujua yaliyompata baadaye.

2.0 Istilahi na Falsafa Iliyojificha Ndani Yake

Kabla ya kuendelea, ni vyema tutazame istilahi yenyewe. Kazi hii huitwa unasihi au ushauri nasaha. Neno nasaha lina asili ya Kiarabu, nalo hubeba maana ya maneno mema anayopewa mtu na mwenzake anayemtakia heri. Katika fasihi yetu nasaha ina historia tukufu. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa takriban mwaka 1858, ni nasaha ya mama kwa binti yake. Katika jamii za pwani, kungwi na somo wamekuwa wakimfunda mwari juu ya mwili, ndoa na heshima. Hata hivyo, katika mifano hii yote anayesema ni mmoja naye anayesikia ni mwingine. Mtoa nasaha anajua, mpokeaji anapokea.

Unasihi wa kisasa umejengwa juu ya wazo lililo tofauti. Mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1957, alieleza kuwa mtu hubadilika akiwa katika uhusiano wenye sifa maalumu: mnasihi awe mkweli nafsini mwake, amkubali mnasihiwa bila masharti, na aielewe hali yake kana kwamba anaitazama kutoka ndani. Hapa mnasihi hatoi majibu. Anamsaidia mwenziwe kuyatafuta.

Je, Kiswahili kina nafasi ya wazo hili? Jibu letu ni ndiyo, na limo katika neno la pili. Mzizi wa ushauri hutupa kitenzi kushauri, ambacho kina mkondo wa juu kwenda chini kama ilivyo nasaha. Lakini tukiongeza kiambishi -an- tunapata kushauriana, na mara hiyo uhusiano hubadilika: hakuna tena mtoaji na mpokeaji, bali kuna wawili wanaolizungusha jambo baina yao. Vivyo hivyo kusikiliza huzaa kusikilizana, na kuelewa huzaa kuelewana. Mnasihi anayefahamu tofauti hii ana dira mkononi. Anapojikuta ameanza kushauri peke yake, ajue kwamba amekiacha kiambishi nyuma.

Istilahi ya pili inayostahili kutazamwa ni huruma. Aghalabu hutumiwa kufasiri ule uwezo wa kuelewa hali ya mtu kutoka ndani ambao Rogers aliuzungumzia. Tafsiri hii haitoshi. Mwenye huruma anaweza kusimama juu ya anayehurumiwa, kama tajiri amwonavyo maskini. Ufafanuzi bora wa dhana hii umo katika methali isemayo kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii humfunza mnasihi unyenyekevu: aanze kwa kukiri kwamba hajakilalia kitanda cha mwenziwe, kisha amwombe amsimulie habari za kunguni.

3.0 Salamu na Majina ya Heshima

Katika vitabu vingi vya unasihi vilivyotungwa Ulaya na Marekani, salamu hazipewi nafasi kubwa. Kwetu sisi, salamu ndizo mlango, na aliyeingia kwa dirisha hushukiwa.

Kuna jambo la kipragmatiki ambalo mnasihi mgeni huenda asilitambue. Ukimwuliza mtu "Habari yako?" atajibu "Nzuri," hata kama ametoka kuzika. Ukimwuliza "Hujambo?" atajibu "Sijambo," maana yake kiasili ni kwamba hana jambo. Majibu haya si uongo, wala si dalili ya mtu kukana shida yake. Ni kanuni ya adabu: kwanza tuthibitishe kuwa sisi ni watu, ndipo tuyaendee mambo. Habari yenyewe huja baada ya "nzuri," aghalabu ikitanguliwa na "ila" au "lakini." Mnasihi anayeandika "anasema yu hali njema" kabla ya kufika kwenye "ila" amefunga daftari mapema mno.

Kwa Wamaasai, salamu huzingatia rika na jinsia, na hufuatwa na kuulizana habari za nyumbani, watoto na mifugo. Mazungumzo hayo hufananishwa na kula: wageni na wenyeji hula habari, kila mmoja kwa zamu yake, naye msikilizaji huitikia kwa sauti fupi fupi ili msemaji ajue kwamba yu pamoja naye. Mtoto humwendea mzee akiwa ameinamisha kichwa ili aguswe utosini. Nguzo ya mwenendo huu wote ni enkanyit, yaani heshima. Mnasihi wa Kitengela anayeruka hatua hii na kuanza na "Shida yako ni nini?" hajaokoa muda, bali ameutupa, kwa sababu jibu atakalopewa litakuwa la juu juu.

Heshima hiyo huonekana pia katika majina. Mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mtoto wake, na mwanamume wa makamo huitwa mzee au baba fulani. Mnasihi kijana akimwita mama wa umri wa mamake kwa jina lake la kwanza, eti kwa sababu kitabu kimemwambia awe karibu na mnasihiwa, atamweka mbali zaidi. Upande wa pili wa sarafu nao upo. Kijana wa Kitengela aliyezaliwa mjini, mwenye kuzungumza Sheng na wenzake, huenda akaona "ndugu mpendwa" kuwa lugha ya mimbari. Kwake, "Sasa, mambo vipi?" inaweza kuwa ndiyo salamu ya heshima. Adabu basi si orodha ya maneno ya kukariri. Ni uwezo wa kutambua aliyeketi mbele yako ni nani.

Yapo mambo mengine ambayo desturi huyaepuka. Katika jamii nyingi za wafugaji, Wamaasai wakiwamo, kuhesabu watoto au mifugo kwa sauti hakupendezi, na kwa desturi jina la marehemu halitajwi ovyo. Mnasihi aliyefunzwa kumwongoza mfiwa alitaje jina la aliyefariki ili aukubali msiba, sharti aulize kwanza: "Tumwiteje tunapomzungumzia?" Ni swali dogo, lakini linamwachia mfiwa hiari ya kufuata desturi au kuiacha. Wengi siku hizi hawaifuati. Ndiyo maana tunasema aulize, wala asikisie.

4.0 Sarufi ya Maumivu

Hapa tunafika katika kiini cha makala yetu, mahali ambapo mwanafunzi wa isimu ana mengi ya kuchangia. Kiswahili kina kauli mbalimbali za kitenzi, na mtu mwenye maumivu huchagua kauli, akijua au asijue.

Tuzingatie sentensi hizi nne:

(a) Mume wangu alinivunja mkono.
(b) Nilivunjwa mkono.
(c) Mkono ulivunjika.
(d) Tulikosana, nikaumia.

Katika (a) mtenda anatajwa. Katika (b), kauli ya kutendwa, mtenda amefichwa, lakini tunajua kwamba yupo. Katika (c), kauli ya kutendeka, mtenda ametoweka kabisa. Ni kana kwamba mkono ulijivunjikia wenyewe. Katika (d), kauli ya kutendana imegawa hatia kwa wawili, ilhali aliyeumia ni mmoja. Mwanamke anayetumia (c) au (d) hasemi uongo. Anaipima hali: je, huyu aliye mbele yangu anaweza kuubeba ukweli wa (a)? Stadi ya mnasihi ni kusikia kauli hiyo na kuiheshimu, bila kuisahihisha kwa haraka. Akisema mara moja, "Yaani mume wako anakupiga?" amemvua mwenziwe nguo kabla hajawa tayari.

Tasfida nazo zina uzito wake. Katika mahakama na vituo vya polisi vya Kenya, mtoto aliyenajisiwa mara nyingi husema "alinifanyia tabia mbaya." Maneno haya ni ya kawaida sana hivi kwamba mtu anaweza kuyapita bila kuyatilia maanani, akidhani kwamba yanahusu utovu wa nidhamu. Mnasihi, mwalimu au muuguzi asiyeijua tasfida hii huenda akasikia habari za jinai, asijue kuwa amezisikia.

Kuna pia msamiati wa dhiki. Ni nadra kumsikia mtu wa Kajiado akisema "nina sonona," japo neno hilo lipo katika istilahi zetu. Atasema "nina mawazo mengi," "moyo umekuwa mzito," "usingizi umenikataa," "kichwa kinazunguka." Kijana atasema "niko na stress" au "ni kubaya." Mfugaji aliyemaliza mifugo katika ukame wa mwaka 2009, au ule ulioanza mwaka 2020 na kuendelea hadi mwanzoni mwa 2023, atasema tu "ng'ombe wamekwisha." Asikilizaye kwa sikio la mjini husikia hasara ya mali. Asikilizaye kwa sikio la mfugaji husikia habari za jina, mahari, urafiki na nafasi ya mtu katika baraza la wazee. Anayesema "ng'ombe wamekwisha" huenda anasema "mimi nimekwisha."

Kwamba msamiati wa wenyeji ndio njia ya kufikia tiba si dhana tupu. Kusini mwa Uganda, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2003 walianza kwa kuwauliza wanakijiji wanaitaje hali hiyo kwa Kiganda, kisha wakaipima tiba ya vikundi kwa kutumia majina hayo, na tiba ikafaa. Nchini Zimbabwe, mpango wa benchi la urafiki ulioanzishwa na Dixon Chibanda mwaka 2006 huwatumia mabibi wa mtaa, nao hutumia neno la Kishona lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. Jijini Nairobi kwenyewe, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa wahudumu wa afya ya jamii wasio wataalamu wa saikolojia, baada ya kufunzwa, waliweza kuwasaidia wanawake waliopitia ukatili kwa vikao vitano tu. Elimu ya chuo ina nafasi yake, lakini bila lugha ya mtaa haifiki.

Jambo la mwisho chini ya sehemu hii ni maswali. Swali la "kwa nini" katika Kiswahili cha mazungumzo mara nyingi hubeba lawama. Mzazi humwuliza mtoto, "Kwa nini umechelewa?" akiwa tayari ameshika kiboko. Kwa hiyo "Kwa nini hukumwambia mtu?" husikika kama shtaka. Afadhali "Ilikuwaje?" au "Kisha ikawaje?" Maswali haya humwalika mtu asimulie, na Kiswahili kwa bahati njema kina kiambishi -ka- kinachosukuma masimulizi mbele: nikatoka, nikaenda, nikamkuta. Mtu akianza kutumia -ka- bila kuhimizwa, mnasihi na atulie. Simulizi imepata miguu.

5.0 Methali: Zinazofungua na Zinazofunga

Hakuna chombo tunachokijivunia sisi wapenzi wa Kiswahili kama methali, na hakuna kinachohitaji uangalifu zaidi katika unasihi. Methali ina mamlaka ya wahenga. Ikitamkwa, mjadala hufungwa. Mke aliyekuja na jeraha akiambiwa "Mvumilivu hula mbivu," ameambiwa arudi akapigwe kwa subira. Msichana aliyekimbia ndoa akiambiwa "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," ameambiwa kwamba kukimbia kwake ndilo kosa. Mwanamume akiambiwa "jikaze kiume," hata kama si methali, amefungiwa mlango wa pekee aliothubutu kuubisha.

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyochapishwa mwaka 1971, ni mfano mzuri wa kifasihi. Zakaria anampiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, na baina ya baba na mwana hakuna tena mazungumzo ya kweli. Amri ipo, adhabu ipo, lakini kusikilizana hakupo, na mwisho wa Rosa ni kujiua. Wahakiki wameijadili riwaya hii kwa upande wa maadili. Tunapendekeza isomwe pia kama riwaya ya mawasiliano yaliyokufa.

Hata hivyo, si methali zote zinazofunga. "Mficha maradhi kifo humfichua" humpa mtu ruhusa ya kusema. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi" humpa aliyefilisika njia ya kuendelea bila kudharau hasara yake. Kanuni tunayopendekeza ni nyepesi: mnasihi asitoe methali kama hukumu, bali mnasihiwa akiitoa yeye mwenyewe, aulizwe. "Umesema mvumilivu hula mbivu. Wewe umevumilia muda gani? Na mbivu umeziona?" Hapo methali hugeuka kutoka kufuli kuwa ufunguo.

Neno "pole" nalo lina tabia kama hiyo. Ni neno la thamani, kwani humwezesha mtu kushiriki uchungu ambao hakuusababisha. Lakini likisemwa mapema mno hufunga simulizi, kama vile mtu aliyesema, "Tumekusikia, sasa inatosha." Pole njema hungoja.

6.0 Macho na Kimya

Gerard Egan, katika kitabu chake kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1975 na kutumiwa katika vyuo vingi duniani, aliwafunza wanasihi wamwelekee mnasihiwa uso kwa uso, wakae bila kukunja mikono, wainame mbele kidogo, wamtazame machoni na watulie. Ni mafunzo mema, lakini yana utamaduni ndani yake. Katika jamii zetu nyingi, kijana anayemkazia mzee macho huonekana mjeuri. Msichana wa Kajiado anayetazama sakafu anapozungumza na mtu mzima huenda hafichi kitu wala haoni haya. Anaonyesha adabu aliyofunzwa. Mnasihi akiketi pembeni kidogo, wote wawili wakitazama upande mmoja kama watu wanaopumzika chini ya mti, huenda akapata maneno mengi kuliko aliyekaa nyuma ya meza.

Kimya nacho kina maana nyingi. Upo kimya cha hofu, cha heshima, cha kutafuta neno katika lugha ya pili, na cha kutaka kujua iwapo msikilizaji atakimbilia kujaza nafasi. Wahenga hawakukosea waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mnasihi ajizoeze kuhesabu hadi kumi moyoni kabla ya kuuliza swali jingine.

7.0 Siri, Sheria na Mkalimani

Unasihi nchini Kenya si kazi ya kiholela. Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliweka msingi wa usajili na uangalizi wa wanataaluma hawa. Nguzo mojawapo ya taaluma ni kutunza siri. Lakini neno siri lina utata. Kwa mtoto aliyelelewa katika jamii ambamo mambo huamuliwa mbele ya wazee, mtu mgeni anayesema "hii ni siri yetu" anaweza kutisha. Wanaowadhulumu watoto husema vivyo hivyo. Ni salama zaidi kusema: "Haya tunayozungumza mimi sitayapeleka mtaani."

Aidha, siri ina mipaka, na mipaka hiyo itajwe mwanzoni. Sheria ya Kukataza Ukeketaji ya mwaka 2011 inamfanya mtu anayejua kwamba kosa hilo linatendwa au linapangwa, asitoe taarifa, kuwa mkosaji. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaweka maslahi ya mtoto mbele. Kajiado ina historia ya kuwakinga wasichana: Shule ya Wasichana ya A.I.C. Kajiado imejulikana kwa miaka mingi kwa kuwapokea waliokimbia ukeketaji na ndoa za mapema. Mnasihi anayeahidi kunyamaza kisha akalazimika kusema, amevunja jambo gumu kuunga. Mwanzoni aseme: "Nikisikia kwamba maisha yako au ya mtoto yako hatarini, itabidi nitafute msaada, nami nitakwambia kabla sijafanya hivyo."

Hata uteuzi wa neno una athari hapa. Neno ukeketaji ni la sheria. Tohara ni la mila. Kukatwa ni la mwili. Mama atumiaye tohara hajatangaza vita. Mnasihi anaweza kuanza na neno la mama ili wazungumze, kisha akafika kwenye madhara na sheria bila kuzunguka. Kulifuata neno la mtu si kuliunga mkono tendo.

Kuhusu kujiua, mabadiliko makubwa yametokea. Kwa muda mrefu jaribio la kujiua lilikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba. Lugha yetu haina budi kuufuata uamuzi huo. Aliyenusurika asiulizwe "Kwa nini ulitaka kufanya kitendo hicho?" bali "Ni nini kilikuwa kizito hivyo?"

Pale ambapo Kiswahili hakitoshi, mkalimani huhitajika. Mara nyingi anayepatikana ni mtoto wa mnasihiwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma. Jambo hili liepukwe kadiri iwezekanavyo. Mama hatatamka mbele ya mwanawe mambo ya chumbani, na mtoto hatatafsiri matusi ya babake. Jirani wa ukoo mmoja naye ana shida yake. Mkalimani afunzwe, atoke nje ya familia, na aambiwe atafsiri alichosikia, si alichoona kinafaa.

8.0 Mfano wa Mazungumzo

Mazungumzo yafuatayo ni ya kubuni, nayo yanalenga kuonyesha stadi zilizojadiliwa. Mnasihi ni mwanamke kijana wa Kitengela. Mnasihiwa ni mama wa makamo kutoka Isinya.

Mnasihi: Karibu mama, karibu kiti. Nyumbani umewaachaje?
Mama: Hawajambo. Watoto wako shuleni.
Mnasihi: Tunashukuru. Na mifugo, baada ya kiangazi?
Mama: Ee. Walibaki wachache tu.
Mnasihi: Walibaki wachache.
Mama: Wachache sana. Baba watoto hata halali. Akirudi jioni...
(Kimya. Mnasihi hasemi kitu.)
Mama: Akirudi jioni, mambo yanaharibika.
Mnasihi: Yanaharibika. Huwa inakuwaje?
Mama: Tunakosana. Juzi mkono ukaumia.
Mnasihi: Mkakosana, mkono ukaumia. Ilianzaje, mama, ikafika kwenye mkono?
Mama: Alichukua rungu.

Tuangalie safari ya vitenzi. Mama ameanza na "yanaharibika," kitenzi kisicho na mtu; akaja "tunakosana," watu wawili; kisha "mkono ukaumia," mwili bila mtenda; na hatimaye "alichukua," mtenda mmoja na tendo lake. Mnasihi hakumlazimisha. Alirudia maneno yake, akaheshimu kimya, akauliza "ilianzaje" badala ya "kwa nini." Hakuuliza ng'ombe walikuwa wangapi. Hakutoa pole kabla ya wakati. Sasa ndipo pole ina mahali pa kukaa. Kazi ya usalama wa mama inaanzia hapa, lakini isingeanza kama sentensi hii ya mwisho isingetamkwa.

9.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala imejaribu kuonyesha kwamba mnasihi anayejali utamaduni si yule aliyekariri orodha ya mila za Wamaasai, Wakamba au Wakikuyu. Utamaduni si muhuri wa kupigwa usoni pa mtu. Mmaasai mwenye duka la simu Kitengela na babu yake anayechunga Mashuuru hawahitaji swali lilelile. Wataalamu Sue, Arredondo na McDavis, katika makala yao ya mwaka 1992, walitaja mambo matatu: mnasihi ajitambue yeye mwenyewe, aujue ulimwengu wa anayemhudumia, na awe na stadi zinazofaa. Sisi tunaongeza kwamba, katika Afrika Mashariki, yote matatu hupitia katika lugha.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. Kwanza, idara za Kiswahili na zile za saikolojia zishirikiane kuandaa kozi fupi ya mawasiliano ya unasihi, ambamo kauli za kitenzi, tasfida na methali zifundishwe kwa njia ya maigizo. Pili, wanachama wa chama chetu wanaotoka maeneo mbalimbali wakusanye msamiati wa dhiki unaotumika makwao, wa Kiswahili na wa lugha za mama, ili upatikane mahali pamoja. Tatu, tasnifu zetu zisiishie kwenye vitabu teule. Mazungumzo ya zahanati, ya shule na ya baraza ni matini pia, mradi utafiti ufanywe kwa idhini na kwa kulinda faragha za watu.

Mara nyingi wanafunzi wa Kiswahili huulizwa lugha hii itawafaa nini nje ya darasa. Mama anayesema "mkono uliumia" anahitaji mtu anayejua kwamba sentensi hiyo ina mtenda aliyefichwa, na mwenye subira ya kungoja hadi atajwe. Ujuzi huo tunao. Kilichobaki ni kuupeleka unakohitajika.